Kigoda cha Mwenye Taa

Jina kamili la marehemu liko kwenye jalada la karatasi mliyoshika, kwa herufi za dhahabu, na kama angeliona angeuliza huyo mheshimiwa ni nani. Wateja walimwita Fundi Miwani. Watu wa Jumamosi walimwita Mzee Vigoda. Mkewe alimwita majina mengi, kulingana na alivyoamka siku hiyo, na binti yake mkubwa, ambaye ndiye mnayemsikia akisoma, alimwita Baba tu. Wasifu huu ni wa Baba. Sisi wengine tumetajwa kwa sababu alitupenda, au kwa sababu tulimpa kazi.

Alizaliwa Jumatano tarehe 14 Machi 1956, katika chumba ambamo mama yake alikuwa akishonea watu nguo. Bibi alizoea kusema kwamba uchungu ulimshika akiwa katikati ya suruali ya mteja, na mwenye suruali hakuacha kuiulizia hata siku hiyo. Marehemu alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho. Kaka yake, ambaye leo amekaa mstari wa mbele na ndiye tunayemwita Baba Mkubwa, alikuwa na miaka mitano. Alipoonyeshwa mdogo wake alilalamika, "Mbona ananikodolea macho?" Hakuwa akimkodolea. Alikuwa hamwoni, ila hilo lilikuja kujulikana miaka mingi baadaye.

Aliingia shule ya msingi Januari 1963. Alikaa dawati la nyuma, akinakili kutoka ubaoni kile alichodhani kimeandikwa, na mwalimu wa hesabu akamtangaza kuwa mzito. Mwaka 1968 wapimaji wa macho walipita shuleni, na tarehe 9 Julai akavishwa miwani yake ya kwanza. Siku hiyo aliisimulia mpaka wajukuu wakaikariri. Alitoka nje, akasimama mbele ya ukuta wa choo cha shule, akaanza kulia, kwa sababu ukuta ulikuwa na matofali. Akawageukia wenzake. "Mlikuwa mnajua?" akawauliza. "Yote haya mlikuwa mnayajua, mkaninyamazia?" Wenzake walicheka wakafikiri ana wazimu. Lakini ndiyo siku aliyochagua kazi yake, na hakuwahi kuijutia.

Alisoma chuo cha ufundi wa miwani kuanzia 1974 hadi 1976, akaajiriwa mwaka 1977 katika karakana ya kliniki ya macho, na tarehe 2 Februari 1985 akafungua duka lake mwenyewe, chumba kimoja katikati ya kinyozi na mshona viatu. Juu ya mlango aliandikisha: MWENYE MACHO HAAMBIWI TAZAMA. Chini yake, kwa herufi ndogo: asiye nayo aingie. Alisaga lenzi kwa mashine iliyokuwa ikinyunyiza maji, na jioni alirudi nyumbani na unga mweupe kwenye nyusi. Alisema kusaga lenzi ni kama kulea: ukikaza mkono inavunjika, ukilegeza haikai kwenye fremu.

Mkewe alimpata kwenye karakana ya kliniki, mwaka 1979, alipoleta miwani ya mama yake iliyolegea. Fundi aliikaza. Baada ya siku chache ikalegea tena, na binti wa watu akarudi. Ikalegea mara ya tatu. Mara ya nne aliingia na bisibisi yake mwenyewe, akaiweka mezani, akasema, "Kaka, kama una la kusema sema, maana mama yangu anagonga milango." Fundi akasema. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 12 Desemba 1981. Bisibisi ile aliitembeza kwenye mfuko wa shati maisha yake yote, na watu waliomwona kila siku walidhani ni kifaa cha kazi.

Walijaliwa mabinti wawili. Mkubwa alizaliwa 1983. Wa pili alizaliwa tarehe 5 Mei 1988, na kwa kuwa mama yao alitangaza hadharani kwamba kiwanda kimefungwa, mtoto akaitwa Kitinda Mimba, baadaye Kitinda tu. Alikuwa mtoto wa maswali. Ukimwambia jua limezama, alitaka kujua nani amelisukuma.

Jumamosi tarehe 6 Agosti 1994, mhandisi mgeni aliyekuja kufunga mitambo ya kiwanda aliingia dukani na miwani yake vipande viwili mkononi. Fundi aliitengeneza papo hapo. Kwa shukrani, mhandisi akafungua begi lake akatoa boksi dogo lenye dirisha la plastiki. Ndani alisimama msichana wa urefu wa kiganja, wa kutoka katika zile katuni za Kijapani ambazo vijana huziita anime. Alikuwa na nywele za buluu na macho makubwa kupita kiasi. Mkono mmoja ulikuwa umeinua taa, na mguu mmoja umekunjwa juu kana kwamba anaruka dimbwi. Mguu wa pili ulichomekwa kwenye kisahani cha plastiki chenye kijiti kimoja cha chuma. Fundi, ambaye mchana kutwa alishinda na macho ya watu, aliyatazama yale macho kwa lenzi ya kukuzia. Ndani ya kila jicho mchoraji alikuwa ametia nukta ya manjano, mwanga wa ile taa.

"Huyu anaona," alisema.

Kitinda, aliyekuwa na miaka sita, ndiye aliyemtoa kwenye boksi na kumpa jina: Mwenye Taa. Kile kisahani wakakiita kigoda. Dada yake alipinga kwamba kigoda hukaliwa na hiki kinasimamiwa, akapuuzwa.

Baada ya hapo walikuja wengine, mmoja mmoja. Wapo walioletwa na wateja waliosafiri, na wapo waliookolewa sokoni kwenye mafungu ya vitu chakavu, bila mkono au bila nywele. Fundi aliwatengeneza kwa kibano na rangi za kupakia fremu. Upanga uliopinda kwa joto aliutia kwenye maji ya moto, akaunyoosha, akautumbukiza kwenye maji baridi. Hiyo aliiita kuwaogesha. Aliyeanza kunata kwa uzee wa plastiki alioshwa kwa sabuni na kuanikwa kivulini. Maboksi yao hayakutupwa. Yalijaa chini ya kitanda, kisha juu ya kabati, na mkewe akauliza kwa sauti ya upole kabisa kama na yeye atafutiwe boksi alale humo. Baba Mkubwa aliwaita wanasesere. "Mwanasesere huvalishwa, Kaka," Fundi alimjibu. "Hawa wamekuja na nguo zao." Yeye aliwaita wageni.

Sheria ya wageni aliitunga Kitinda. Kinyozi wa jirani alikuwa amemtamani Mwenye Taa, akaomba akae naye wiki moja. Fundi akasita. Kitinda akasema aazimwe, ila kigoda kibaki.

"Kwa nini kibaki?" kinyozi akauliza.

"Akirudi akute mahali pake. Kigoda kikitoka, atajuaje kwao?"

"Haya. Na mimi nilipe nini?"

"Uje utuambie ulimpeleka wapi na aliona nini."

Kinyozi alimweka Mwenye Taa mbele ya kioo chake, akamwegemeza kwenye chupa ya spiriti. Alirudi na habari ya mtoto mmoja aliyekuwa akilia kama anachinjwa kila akisikia mashine ya kunyolea, na ambaye safari hii alikaa kimya akiitazama ile taa mpaka kichwa kikaisha. Kitinda alisikiliza mikono imefungwa kifuani kama hakimu. "Hadithi nzuri," akaamua. "Unaweza kuazima tena."

Hivyo ndivyo vikao vya Jumamosi vilivyoanza, sebuleni kwao, na vikadumu hadi mwezi uliopita. Wengi wenu mlikaa pale. Mnakumbuka utaratibu: boksi jipya lilifunguliwa na yule ambaye hajawahi kufungua, taratibu, bila kuchana. Kila mtu alinusa ile harufu ya rangi mpya. Kisha mgeni alizungushwa mkononi, na kila aliyemshika ilimbidi aseme jambo moja ambalo wenzake hawajaliona. Mwalimu wa chekechea aliona mshono kwenye soksi. Muuza vipuri aliona kidole kilichokatika na kuunganishwa. Mshona viatu alitazama viatu tu, miaka yote: "Soli hizi hazifiki mwisho wa mwezi." Fundi alicheka mpaka akavua miwani. Alikuwa na furaha, na tunalisema hilo kwanza, kwa sababu yanayofuata yanaweza kuwafanya mdhani hakuwa nayo.

Septemba 1997 Kitinda alishikwa na homa kali iliyompanda kichwani, akalazwa. Alikwenda na Mwenye Taa. Kigoda kilibaki nyumbani, kwenye rafu ya sebuleni, kama sheria ilivyo. Kitandani hapakuwa na pa kumsimamisha sanamu wa mguu mmoja, kwa hiyo aliegemezwa kwenye kikombe, na kila mtu alipopita, sanamu alianguka.

Alhamisi tarehe 18 Kitinda alimwambia baba yake, "Baba, niletee kigoda."

"Sheria ni yako mwenyewe, mama," Fundi alimtania. "Kigoda hakitoki nyumbani."

"Amechoka kuegemea."

"Avumilie kidogo. Mtarudi wote wawili, atasimama."

Alimtania kwa sababu kumpa kigoda kulikuwa ni kukubali kwamba hawarudi karibuni, na hilo hakuliweza. Jumapili tarehe 21 asubuhi, baada ya kukosa usingizi juu ya neno lile, alikitoa kigoda rafuni, akakitia kwenye mfuko wa shati pamoja na bisibisi, akaenda hospitali. Alikuta kitanda kimeshatandikwa shuka nyingine. Mkewe, aliyekuwa amelala pale na mtoto, alikuwa amekaa kwenye benchi la ukumbini, mikono mitupu.

Kitinda alizikwa Jumatatu, katika eneo hili hili tulipo. Fundi alikirudisha kigoda rafuni. Mwenye Taa hakuonekana.

Alimtafuta. Aliwauliza wafagiaji wa wodi, akamwuliza mlinzi, akamwuliza mfua shuka, akarudi tena akawauliza walioingia zamu baada yao. Alizunguka masokoni akipekua mafungu. Kila aliyewahi kumwazima Mwenye Taa alimhoji upya. Kisha, taratibu, akaacha kuuliza, na watu wakasema ashukuriwe Mungu, amepoa. Hakuwa amepoa. Alikuwa amebadilisha njia. Alifungua mlango wa Jumamosi kwa mtu yeyote, akawatangazia wateja, akawapa wageni wake wakae kwa watu asiowajua hata majina, wakazunguke mji mzima. Kama kuna mtu aliyemwokota Mwenye Taa, alifikiri, siku moja atasikia habari za nyumba yenye rafu, atamleta. Kila Jumamosi mgeni wa damu na nyama alipobisha hodi, Fundi alimtazama mikono kabla hajamtazama uso. Wengi wenu mlitazamwa hivyo. Mlidhani ni adabu ya mzee.

Nyumba ikajaa. Rafu ilichukua ukuta mmoja, kisha wa pili, na macho yote yale makubwa yaliangalia upande mmoja, ulikokuwa mlango. Kukaa kwenye kiti kilichoelekea rafu kulihitaji moyo. Mkewe aliwahi kuwageuza wote watazame ukuta ili apumue, na kabla chai haijapoa walikuwa wamegeuzwa tena. Vigoda vya walioazimwa vilibaki wazi hapa na pale, vikapata watu wao, vikabaki wazi tena. Kimoja tu, kwenye rafu ya kati, chenye kijiti kimoja, hakikukaliwa. Fundi alikifuta vumbi cha mwisho kila Jumamosi asubuhi. Na mara kwa mara, akienda kukifuta, alikikuta kimesogea. Alikiacha katikati, akakikuta ukingoni, kama kitu kinachotaka kushuka.

"Mke wangu, umekisogeza?"

"Ni malori hayo, mume wangu. Yanatikisa ukuta."

Malori yalikuwepo kweli. Lakini vigoda vingine havikusogea, na Fundi alikuwa mtu wa vipimo. Alikirudisha katikati. Binti yake mkubwa, aliyekuwa akikua ndani ya nyumba hiyo, alijifunza kupita sebuleni bila kutazama rafu ya kati. Aliogopa, na anaogopa mpaka leo.

Mwaka 2011 Fundi aligundulika na presho ya macho. Aliipokea kwa dharau ya fundi anayeletewa kazi mbaya ya fundi mwenzake. Alitia dawa, akapasuliwa mara mbili, na kufikia 2019 mwanga wote ulikuwa umekwenda. Duka akamwachia mwanafunzi wake. Jumamosi haikusimama. Alimshika kila mgeni kwa vidole, akamtambua kwa nywele au kwa mkunjo wa sketi, na bado alisema jambo moja ambalo wenye macho hawakuliona. Kila mlango ulipobishwa aliinua uso na kuuliza, "Umekuja na nani?" Mtu akijibu, "Peke yangu, mzee," alitabasamu akasema karibu. Mkewe, kila mara, alitoka kwenda jikoni.

Mapema mwaka huu moyo wake ulianza kuchoka. Maji yalimjaa miguuni, pumzi ikawa fupi. Mwezi Mei daktari alimwita mke na binti pembeni, akawaambia wasimchoshe. Siku chache baadaye, alasiri, Fundi alikuwa amekaa mbele ya rafu, anapapasa. Alifika kwenye kigoda cha kijiti kimoja, akakikuta ukingoni.

"Kimesogea tena," alisema.

Mkewe alikuwa anakunja nguo. Aliziacha. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wenyewe ulikuja kwa sauti ndogo sana.

"Ni mimi ninayekisogeza, mume wangu. Huwa nakichukua nakishika. Nikikirudisha sijui kupima kama wewe."

"Tangu lini?"

"Tangu siku zile za msiba." Akavuta kiti, akakaa magoti yao yakigusana. "Na Mwenye Taa hakupotea. Nilipokuwa namvalisha mtoto nilimkuta mkononi mwake. Vidole vilikuwa vimemkamata. Nikaambiwa wazee wanangoja nje, nikaogopa wataniambia nimtoe. Nikamshonea ndani ya mkono wa gauni. Amekwenda naye."

Fundi akageuza uso kuelekea sauti yake. Kisha akauliza, kama alivyouliza mbele ya ukuta wa choo cha shule, "Ulikuwa unajua? Miaka yote hii ulikuwa unajua, ukaninyamazia?"

"Mwanzo niliogopa. Baadaye nikakuona unafungua mlango. Watu wanaingia, unacheka. Nikajiuliza, nikimwambia kwamba hayupo wa kumleta, atafungua tena? Nikakuacha ungoje. Nilikuibia, mume wangu, najua. Lakini ningekwambia, ungekufa mwaka ule ule."

Binti yao alikuwa mlangoni na dawa mkononi. Alimwona baba yake akinyoosha mkono, akampapasa mkewe uso mzima, paji, pua, kidevu, kama anavyompapasa mgeni aliyerudi.

"Amesimama au amelala?" aliuliza.

"Nani?"

"Mwenye Taa. Kule."

"Amelala. Hakuwa na kigoda."

"Basi bado anaegemea." Akapapasa mfuko wa shati. "Nikiondoka, nitawekwa karibu na mtoto?"

"Ubavuni kwake."

"Nipeni kigoda nimpelekee. Kitieni mfukoni humu, na bisibisi. Safari hii sitachelewa, maana sina pengine pa kwenda."

Baada ya hapo alikuwa mwepesi. Alilala usingizi mzuri, alimtania daktari, na Jumamosi tarehe 25 Mei, kwenye kikao chake cha mwisho, mlango ulipobishwa hakuuliza mtu amekuja na nani. Alisema karibu. Tulioijua siri tuliangaliana, na tulihisi furaha na hofu kwa pamoja, tusijue ipi ni ya kweli. Alizidiwa tarehe 31, akakimbizwa hospitali, akafariki Jumanne tarehe 4 Juni 2024 alfajiri, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe.

Lazima lisemwe na hili, kwa kuwa marehemu hakupenda kipimo kinachofichwa. Siku alipolazwa watu wote wa nyumba walikuwa hospitali, mkewe akiwa ubavuni pake bila kutoka. Jumatatu binti mkubwa alirudi nyumbani kuchukua nguo. Funguo alikuwa nazo yeye peke yake. Kigoda, ambacho tulikiacha katikati, kilikuwa ukingoni kabisa, nusu yake hewani. Alikirudisha katikati, akachukua nguo, akatoka mbio. Barabara ilikuwa na malori, kama kawaida.

Alhamisi ndugu walikaa kupanga mazishi, na ombi la marehemu likawekwa mbele yao. Baba Mkubwa alikataa. "Mdogo wangu alikuwa fundi anayeheshimika," alisema. "Hatazikwa na plastiki. Watu watasema tumemzika na vitu vya kuchezea."

"Mzee, waseme," kinyozi alijitahidi. "Watasema na kesho watanyamaza."

"Nimesema hapana."

Kama hapana ile ingesimama, ombi pekee la marehemu lingebaki rafuni. Mjane hakubishana. Alikwenda sebuleni, akarudi na kigoda, akakiweka kwenye kiganja cha shemeji yake, na mbele ya ukoo mzima akasimulia habari ya mkono wa gauni, kwa mara ya kwanza kwa watu wengine.  Baba Mkubwa alivaa miwani yake, ambayo lenzi zake zilisagwa na mdogo wake na ni za mwisho alizozisaga akiwa anaona. Akakigeuza kile kisahani, akakisogeza machoni.

"Kina kijiti kimoja tu," alisema.

"Ndiyo, shemeji. Mguu wa pili aliuinua."

"Na hapa pamelika." Alionyesha kwa ukucha. "Ukingo huu umelika. Kimeshikwashikwa sana."

Alikuwa amesema jambo moja ambalo wengine hawakuliona. Nadhani alilisikia mwenyewe, kwa sababu alivua miwani akajifuta. "Huyu tangu utotoni hajaniomba kitu," alisema. "Aliniomba nimshike mkono kuvuka barabara, basi. Nitakitia mwenyewe."

Alikitia jana jioni, kwenye mfuko wa shati, upande wa kushoto, pamoja na bisibisi ya 1979. Akaugonga mfuko mara moja kwa kiganja, kama mtu anayemhakikishia mwenzake kwamba tiketi ipo.

Marehemu ameacha mjane, binti mmoja na mkwe, wajukuu wawili, wanaojua kuogesha panga zilizopinda, kaka mmoja, mwanafunzi wake wa duka, kinyozi, ambaye ni ndugu wa karibu kuliko ndugu wengi wa damu, na watu wa Jumamosi, ambao hakuna aliyewahi kuwahesabu. Wenye wageni wake majumbani msiwe na haraka. Wakitaka kurudi, vigoda vyao vipo, na mlango utafunguliwa Jumamosi ijayo saa zile zile. Mjane amesema atakaribisha yeye. Mje na hadithi.

Kwenye rafu ya kati sasa pana duara safi lisilo na vumbi, na hatutaweka kitu pale. Leo asubuhi kabla ya kutoka, mke wake alipafuta, mwisho wa vyote, kama ilivyokuwa desturi ya mumewe.

Baba, umefika. Kitinda yuko mkono wako wa kulia, na amengoja vya kutosha. Lala salama wewe. Na Mwenye Taa, hatimaye, asimame.